Ushauri: Raleigh ya babu, nataka ifufuke bila kupakwa rangi upya

mjukuu_wa_pamba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimekuta baiskeli ya Raleigh ya marehemu babu ghalani. Ni ile nyeusi ya breki za vyuma, tairi 28, nembo ya korongo bado ipo mbele. Aliinunua kwa pesa za pamba. Haabu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, imeandikwa Sturmey-Archer AW 56.

Nilimpelekea fundi mmoja, akashika msasa palepale. Hadi namzuia, ameshakwangua sehemu ya ukubwa wa kiganja kwenye madigadi ya mbele. Anasema tuipulizie nyeusi ing'ae kama mpya. Mimi sitaki mpya. Bomba la juu rangi imelika mpaka chuma, pale babu alipokuwa akinipakia. Madigadi ya nyuma aliandika herufi za jina lake kwa mkono, kwa rangi nyeupe. Kutu naikomeshaje bila kuvigusa hivyo?

spoki_36:
Umefanya vizuri kumzuia mkuu. Hiyo 56 ni mwaka 1956, haabu ilipotengenezwa. Baiskeli yenyewe kwa kawaida huwa ya karibu na hapo. Rangi zile zilichomwa kwenye tanuri, ndiyo maana bado ipo. Kinachokufa haraka ni mistari ya dhahabu na maandishi ya kubandika, kwa hiyo petroli na thina usizisogeze. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Anza kujaribu chini kabisa ya fremu, kwenye ekseli ya pedeli, pasipoonekana.

Palipo na kutu paka mafuta ya cherehani, yalale usiku mmoja. Asubuhi sugua taratibu kwa stilwulu (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kuliko zote, namba 0000. Kitambaa kikitoka na wekundu, endelea. Uchafu ukiisha halafu kikaanza kutoka cheusi, acha hapohapo, unakula rangi. Herufi za babu usizipitishie stilwulu kabisa.

mtu_wa_gereji:
Ukimaliza ipige vanishi ya kung'aa, imetoka hiyo.

spoki_36:
Hapana mkuu. Vanishi ikifunika kutu iliyobaki, kutu inaendelea kutambaa chini yake, na kuitoa baadaye unang'oa rangi yote. Nta ya gari isiyo na chembe za kusugulia inatosha, irudiwe kila baada ya miezi michache. Kile kiganja kilichokwanguliwa, paka rangi kwa brashi ndogo hapo tu.

mama_baiskeli:
Kuna watakaokwambia utumbukize fremu kwenye asidi ya oksaliki. Yangu kutu ilitoka kweli, na mistari ya dhahabu ikaondoka nayo. Nalia nayo hadi leo. Itumie kwa vipande vidogo vya chuma visivyo na rangi, ukiwa nje na glavu mkononi. Rimu za kromu zisugue kwa karatasi ya foili iliyolowa maji, utashangaa. Na usiipande kabla hujasafisha gololi na kuweka grisi mpya.

mjukuu_wa_pamba:
Asanteni sana. Leo nimeosha upande wa kushoto tu, kwa maji na sabuni. Chini ya matope ya miaka yote umetokea mstari wa dhahabu, mwembamba kama uzi, unafuata fremu hadi karibu na kiti. Mama alikuja akaupitishia kidole. Kesho naenda kutafuta mafuta ya cherehani.