Tupeane uzoefu: kupanga vitufe vya programu za ofisi za bure, mashine za steshenari Arusha na Moshi

Ngarenaro: Baadhi ya laptopu za zamani za mtumba zinazozunguka mjini bado zina Office Starter 2010, Office ya bure ya Microsoft: Word na Excel tu, matangazo pembeni, na utepe wa vitufe haupangiki. Msihangaike nao, ndivyo ilivyotengenezwa. Waliohamia LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, walete namna ya kuipanga.

Mbuyuni: View, User Interface, Tabbed: vitufe vinakaa kwenye utepe kama wa Word. Mteja aliyezoea Word hapotei.

Sakina: Hapana mkuu. Kwenye Tabbed unaficha na kuonyesha vitufe vilivyopo, kuongeza cha kwako huwezi. Baki Standard Toolbar, mpangilio wa kawaida. Halafu kuna kitu kinawaliza watu: Tools, Customize, Toolbars, juu kulia pana kisanduku cha Scope. Kikisoma jina la barua iliyo wazi, kitufe kitakaa ndani ya barua hiyo tu. Fungua faili jipya, hakipo. Kisome LibreOffice Writer. Ndipo utafute Paste Unformatted Text (kubandika maandishi bila mapambo yake), ukisogeze kwa mshale wa kulia, OK. Maandishi ya WhatsApp yanaingia masafi.

Mbuyuni: Steshenari mteja anakaa mwenyewe. Vitufe vyako vinamsaidia nini?

Sakina: Mpe akaunti yake ya Windows. Kila akaunti ina mipangilio yake.

Kiborloni: Mmesahau umeme. Ukikatika programu ikiandika mipangilio, faili linaloitunza, registrymodifications.xcu, linaweza kuharibika: vitufe vinavurugika, au haifunguki kabisa. Msikimbilie kuiondoa na kuiweka upya! Kuondoa hakugusi folda ya mtumiaji, kwa hiyo ugonjwa unarudi vilevile. Bonyeza Windows+R, andika %APPDATA%\LibreOffice\4, nakili folda ya user kwenye flashi. Kisha Start, LibreOffice Safe Mode, chagua Reset settings and user interface modifications. Reset entire user profile iwe ya mwisho, maana inafuta hadi kamusi uliyoifundisha: Kibosho, Machame, Mto wa Mbu, vyote vinaanza tena kupigiwa mstari mwekundu.

Mbuyuni: Kweli. Kupakua upya ni zaidi ya MB 300, bando linakwenda bure.

Njiro: Skrini ndogo, Ctrl+F5 inafunga upau wa pembeni.

Ngarenaro: Na kuhamishia mipangilio mashine ya pili?

Sakina: Funguo za mkato: Customize, Keyboard, Save. Linatoka faili la .cfg, kwenye mashine ya pili bonyeza Load. Vitufe vya Toolbars havimo humo, hivyo vipange kwa mkono.