Geti la galvanaizi linatoa kutu kwenye maungio tu, nifanyeje?

Bawaba
Wakuu, geti la mabomba ya galvanaizi, unene milimita 2, lina miezi minane. Bomba lenyewe safi, ila kila palipochomelewa panatoa kutu. Maungio yalipakwa silva. Nikwangue nirudie silva, au kuna njia nyingine?

Cheche
Silva haitakusaidia mkuu. Ule ni unga wa alumini ndani ya vanishi, unaziba tu; ikipata ufa, kutu inatambaa chini kwa chini. Zinki, ile iliyofunika chuma cha galvanaizi, inaziba pia, lakini inaachia elektroni kirahisi kuliko chuma, hivyo ikichubuka inaliwa yenyewe na chuma kilicho wazi pembeni yake kinasalimika. Sasa, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907. Moto wa kuchomelea unazipita zote mbali sana. Pale kwenye ungio haipo tena.

Tafuta rangi ya zinki, ile ambayo ikikauka karibu yote ni unga wa zinki. Ondoa silva na gamba la elektrodi, piga brashi ya waya au grinda hadi chuma king'ae, ingia sentimita 2 hadi 3 kwenye zinki nzima. Futa kwa thina. Koroga kopo mara kwa mara maana unga unazama. Ukipaka ya juujuu umepaka gundi tupu. Rudia mpaka ufikie kama maikroni 100. Praima ya kawaida isitangulie: unga usipogusa chuma, umeme haupiti na kinga inakufa.

Nyundo Baridi
Rangi ya mafuta nayo isiguse zinki moja kwa moja. Mafuta yake yanageuka sabuni na rangi inabanduka vipande vipande. Weka praima ya epoksi katikati.

Bawaba
Na stani, kama ya makopo?

Cheche
Kinyume kabisa. Stani ikikwaruzwa, kinacholiwa ni chuma, tena haraka kuliko kingekuwa hakijapakwa kitu.

Nyundo Baridi
Ukilipeleka geti zima kuzamishwa kwenye zinki ya moto, ambayo ndiyo kinga ya kweli kwa sababu inafika hadi ndani ya bomba, toboa matundu kila bomba kwanza. Sufuria ile ina nyuzi kama 450. Unyevu uliofungiwa unageuka mvuke na bomba linapasuka. Na ukichomelea tena, saga zinki sentimita 2.5 kila upande, fanyia nje penye upepo. Moshi wake mweupe unaleta homa saa kadhaa baadaye.