Tiketi za msimu wa 2026: Baltimore waliotuvunja moyo, au Washington ambao hatukuwatarajia?

Mnazi_Mmoja
Wakuu, salamu kwenu nyote. Kabla ya Ijumaa ninapaswa kuamua kama nitanunua kifurushi cha tiketi za besiboli cha Baltimore Orioles au cha Washington Nationals, na fedha nilizotenga zinatosha kimoja tu. Orioles ndiyo timu niliyoipenda tangu nilipofika Marekani, lakini mwaka 2025 walinitia aibu: nilianza msimu nikiwatangazia wenzangu kazini kwamba huu ndio mwaka wetu, nao wakamaliza na ushindi 75 na vipigo 87. Nationals walimaliza 66 kwa 96, ila hao hakuna aliyewatarajia. Ni timu ipi kati ya hizi mbili itakayovuka matarajio, na ni ipi itakayotuangusha tena?

Bi_Rehema
Ndugu Mnazi, swali lako ni zuri lakini umelileta nusu. Hukusema unaishi wapi, kifurushi ni cha michezo mingapi, wala kama unakwenda peke yako au na familia. Kila timu hucheza michezo 81 nyumbani, na anayekwenda mara 10 hana shida sawa na anayekwenda yote. Tupe hayo kwanza.

Mzee_wa_Kusini
Mimi nina swali linalotangulia hata hilo la Bi Rehema: matarajio ya nani? Ninaishi Chicago, upande wa kusini, na timu yangu ni White Sox. Mwaka 2024 tulipoteza michezo 121, ikiwamo 21 mfululizo, na hakuna timu nyingine iliyofikia idadi hiyo ya vipigo tangu mwaka 1900. Mwaka uliofuata tulipoteza 102, nami nikatembea kifua mbele, kwa sababu tulikuwa tumeongeza ushindi 19. Jirani yangu ni mshabiki wa Cubs, timu nyingine ya Chicago. Timu yake ilipata ushindi 92 mwaka huohuo, ikatolewa na Milwaukee katika mchezo wa tano wa mtoano, na hadi leo ukimgusia habari hiyo anaanza kuzungumzia hali ya hewa. Ni nani kati yetu aliyefurahia msimu? Ndugu yangu, kilichokuumiza si zile 75, bali ni 95 ulizokwishajiandikia kichwani mwezi wa Machi.

Hesabu_za_Juma
Mzee, hizo 95 hazikutoka hewani. Mwaka 2021 Orioles walipoteza michezo 110. Mwaka 2022 wakashinda 83, na mwaka 2023 wakashinda 101. Mtu yeyote akiona ngazi ya namna hiyo huamini kwamba inaendelea juu. Hata hivyo, mwaka huo wa 2023 walipata alama 807 na kuruhusu 678. Ukifuata kanuni ya Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, yaani mraba wa alama ulizopata ukiugawa kwa jumla ya mraba huo na mraba wa alama ulizoruhusu, kisha ukizidisha kwa michezo 162 ya msimu, unapata timu ya ushindi kama 95. Ushindi uliozidi hapo ulitokana zaidi na michezo iliyoamuliwa kwa alama moja, ambayo walishinda 30 na kupoteza 16, na mlangoni alisimama Félix Bautista, mrushaji aliyepewa kazi ya kuumaliza mchezo. Bautista aliumia kiwiko Agosti 2023 na akakosa msimu wote wa 2024. Warushaji wenzake nao wakapungua: Kyle Bradish akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, Corbin Burnes akahamia Arizona, na Grayson Rodriguez hakurusha hata mpira mmoja katika ligi kuu mwaka 2025.

Dalili zilikuwapo mapema. Hadi mapumziko ya Julai 2024 walikuwa 58 kwa 38. Baada ya hapo wakawa 33 kwa 33, kisha Kansas City, waliokuwa wamepoteza michezo 106 mwaka uliotangulia, wakawatoa katika mtoano kwa michezo miwili ambayo Baltimore walipata alama moja tu kwa jumla. Kocha Brandon Hyde ndiye aliyefukuzwa Mei 2025, lakini viwiko havikuwa vyake.

Ghuba_ya_Ontario
Nawashangaa mnavyogombania timu mbili za chini huku Toronto ipo. Blue Jays walishika mkia wa kundi lao mwaka 2024 kwa 74 kwa 88, na mwaka uliofuata wakashinda 94 na kufika World Series, yaani fainali ya ubingwa. Katika mchezo wa saba, nyumbani kwetu, tuliongoza 4 kwa 3 raundi ya tisa, tukabakiza kuwatoa wapigaji wawili tu, ndipo Miguel Rojas wa Los Angeles Dodgers akaupeleka mpira jukwaani na kusawazisha. Tukafungwa 5 kwa 4 raundi ya 11. Mwezi wa Machi ungeniahidi msimu kama huo ningekubali kwa mikono miwili. Mwezi wa Novemba sikuweza kula siku mbili. Sasa Mzee wa Kusini aniambie: tulivuka matarajio, au tuliyaangukia mlangoni?

Bi_Rehema
Ndugu wa Toronto, pole sana, lakini aliyeuliza hawezi kuvuka mpaka wa nchi kila Jumanne. Bado tunamsubiri atwambie anaishi wapi.

Mnazi_Mmoja
Niwie radhi, Bi Rehema. Ninaishi Laurel, katikati kabisa ya miji hiyo miwili, na ndiyo sababu nimekwama. Kifurushi ni cha michezo 20, viti vitatu, kwa ajili yangu na watoto wawili wa miaka 9 na 12, ambao huwa nami wikendi kwa kuwa mama yao ana zamu hospitalini. Treni ya abiria ya MARC inayopita Laurel hutushusha pembeni kabisa ya Camden Yards, uwanja wa Orioles, lakini haifanyi safari Jumamosi wala Jumapili. Niongeze pia kwamba mtoto mkubwa anampenda James Wood wa Washington, na mdogo hataki kusikia jina jingine zaidi ya Gunnar Henderson wa Baltimore.

Kaskazi
Nisikilize, ndugu, kwa sababu somo hili mimi nimelilipia ada. Miaka kadhaa iliyopita, katika jiji ambalo sitalitaja, timu yetu ilikuwa imetoka kwenye msimu uliosifiwa na kila mtu. Tukajikusanya watu wanne, tukanunua viti viwili vya msimu mzima, tukagawana michezo kwa kura mezani kwangu huku pilau ikipoa. Mpango ulikuwa kwamba michezo tusiyoweza kwenda tungeiuza, na ile ya Septemba, timu ikiwa inapigania nafasi ya mtoano, ingeuzika kwa bei ya kuturudishia fedha zote. Kufikia Juni timu ilikuwa imekwishazama. Tiketi za Jumatatu na Jumanne ziliuzwa kwa bei isiyotosha hata kulipia maegesho, na nyingine hazikupata mnunuzi kabisa. Mwenzetu aliyeangukiwa na michezo mingi ya Septemba akaanza kulalamika kwamba sisi tumekula nyama ya Aprili na kumwachia mifupa, kisha akakataa kulipa sehemu yake ya mwisho. Nikailipa mimi, maana kadi ilikuwa yangu.

Nilipopiga simu ofisi ya tiketi kuomba nipunguziwe michezo ya mwaka unaofuata, nilielezwa kwa upole mkubwa kwamba mkataba ulikuwa umekwishajihuisha wenyewe, na kwamba mwaka huo nilikuwa nimeshaununua. Kipengele hicho kilikuwamo, kwa herufi za kusomwa na chungu. Jioni moja ya Septemba nilikaa peke yangu nikiwa na viti viwili, na muuza karanga akaja kukaa kwenye kile cha pili kupumzisha miguu kwa kuwa wateja hawakuwapo. Tulizungumza raundi tatu nzima, na yeye ndiye aliyenifundisha kumtambua mrushaji aliyechoka kwa kuangalia bega lake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani atashinda, uliza mkataba unajihuisha lini.

Tajiri_wa_Mtaa
Pole, Kaskazi. Hata hivyo nadhani mnamsahau mwenye timu. Tangu David Rubenstein ainunue Orioles mwaka 2024, mkono umeanza kufunguka: sasa wamemchukua Pete Alonso kwa miaka mitano na dola milioni 155, mtu aliyepiga mipira 38 nje ya uwanja mwaka 2025. Washington hawajafanya usajili wa namna hiyo. Fedha ndiyo inayonunua matarajio.

Hesabu_za_Juma
Inanunua matarajio, hilo nakubali; kuyatimiza ni suala jingine. New York Mets walilipa mishahara mikubwa kuliko timu zote mwaka 2023, wakaishia 75 kwa 87. Mwaka 2025 wakamleta Juan Soto kwa dola milioni 765 za miaka 15, wakafika 45 kwa 24 katikati ya Juni, kisha wakaishia 83 kwa 79 na kukosa mtoano. Alonso wako alikuwa ndani ya Mets hiyohiyo. Milwaukee, kwa fedha pungufu kuliko za Mets, walishinda michezo 97, wakawazidi wote.

Tajiri_wa_Mtaa
Na Milwaukee hao, waliowafunga Dodgers mara sita kati ya sita katika msimu wa kawaida, walifungwa na Dodgers haohao nne bila katika mtoano. Dodgers wamechukua ubingwa 2024 na 2025. Hapo hesabu zako zinasemaje?

Mwana_wa_Lugazi
Wakubwa, naomba nami nichangie kutoka Uganda. Timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla yake, timu ya Kampala ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Lugazi walitolewa, lakini walipata ushindi mmoja dhidi ya watoto wa Oregon, na sisi tunauzungumzia hadi leo. Wood na Henderson wote wawili tungewapokea bila kuuliza rekodi ya timu.

Bi_Rehema
Sasa nimepata ninachohitaji, nami nitakiri kwamba ninaegemea upande mmoja. Nimekuwa na Nationals tangu timu ilipohamia hapa kutoka Montreal mwaka 2005, na ninaukumbuka mwaka 2019, tulipoanza 19 kwa 31 na watu wakaanza kuuza tiketi zao, kisha tukachukua ubingwa. Tangu hapo hatujapata hata msimu mmoja wa ushindi mwingi kuliko vipigo, na siwezi kukuficha hilo. Lakini Wood alipiga mipira 31 nje ya uwanja mwaka 2025, kocha mpya Blake Butera aliteuliwa akiwa na umri wa miaka 33, na Jumamosi mtashuka kituo cha Navy Yard kwa treni ya mjini, bila kuhangaika na maegesho. Mtoto wa miaka 12 haangalii msimamo wa ligi kama baba yake.

Mnazi_Mmoja
Huyu wangu anauangalia, Bi Rehema, tena kila asubuhi kabla ya chai. Leo nimepiga simu ofisi zote mbili kuuliza suala la Kaskazi la mkataba kujihuisha. Moja imenijibu papo hapo, nyingine imesema itanipigia kesho. Nimewauliza pia kama naweza kuchukua michezo 10 badala ya 20, ili nigawanye fedha kati ya miji miwili, ila mtoto mdogo amekwishaniambia kwamba Washington atakwenda akiwa amevaa fulana ya Henderson.

Ghuba_ya_Ontario
Mlete Toronto siku Orioles watakapokuja. Viti nitatafuta mimi.

Mzee_wa_Kusini
Na wakipita Chicago, kwangu kuna nafasi tele. Mwaka huu tunatarajia kupoteza chini ya 100.