Tupeane uzoefu: modemu moja, kompyuta kadhaa nyumbani

Mama Tunu: Jana nilimsaidia jirani kuunganisha kompyuta zake mbili kwenye modemu moja, nikakumbuka nilivyohangaika mwenyewe. Yaliyowakuta ninyi naomba myasimulie.

Fundi Redio: Nilianza na modemu ya kuchomeka, kwenye kompyuta yenye Windows 7. Niliiruhusu igawe intaneti, ikajipa anwani ya mtandao 192.168.137.1, nikavuta waya hadi kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta nyingi kwa waya, na nyingine zote zikapata. Ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti nyumbani, sikununua, na sioni sababu ya mtu kuinunua.

Mjukuu wa Bibi: Sababu ipo, Fundi. Kompyuta hiyo ikizimwa, nyumba nzima inakosa intaneti. Kwetu aliyekuwa nayo alifunga chumba akasafiri siku tatu.

Baba Neema: Shikamooni wakubwa. Usiku ambao dirisha la maombi ya mkopo wa chuo lilikuwa linafungwa saa sita, mimi saa tatu nilichomeka ruta ya pili ili chumba cha kijana wangu kipate mawimbi yenye nguvu. Mara kompyuta zote zikaonyesha kwamba zimeunganishwa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari ili nirekebishe, ikaja mipangilio ya modemu. Nikarudia, ikaja ya ruta, kwa sababu zote mbili zilikuwa na anwani hiyo hiyo na zote zilikuwa zikigawa anwani kwa kompyuta. Kijana alikaa kimya pembeni ameshika vyeti vyake, nami mikono ikinitetemeka nikabonyeza kitufe cha modemu cha kufuta mipangilio yote, hata jina na nywila za mtoa huduma zikapotea.

Mama Tunu: Mungu wangu! Alifanikiwa kutuma?

Fundi Redio: Ungeipa ruta anwani 192.168.1.2, ukazima DHCP yake, yaani ile kazi ya kugawa anwani, waya ukauingiza kwenye tundu la LAN, lile la kompyuta za ndani.

Binti Pangani: Mimi ningeuingiza kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti, na kuipa ruta 192.168.2.1, DHCP nikaiacha.

Fundi Redio: Ukifanya hivyo, kompyuta za sebuleni hazitaona printa ya chumbani. Nimeshayaona hayo.

Mjukuu wa Bibi: Jamani, tumwache Baba Neema amalize.

Baba Neema: Nilichomoa ruta, nikayapata yale maelezo kwenye karatasi ya mkataba, nikayaingiza upya. Alituma saa tano na dakika arobaini.