Dawa kabla ya kuzaliwa: tunamtibu mtoto, au tunamchagulia awe nani?

Mkunga, Kongwa:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo lililoninyima usingizi tangu wiki iliyopita. Yuko mama mmoja anayehudhuria kliniki yetu, mwenye mimba ya wiki 6. Kuwahi kwake si kwa kawaida, maana wajawazito wengi wa huku hutufikia mimba ikiwa imeshatimiza miezi 4. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alizaliwa na ugonjwa wa kurithi wa tezi zilizo juu ya figo, ambao huzifanya tezi hizo zishindwe kutengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha na badala yake zitoe homoni za kiume kwa wingi. Sehemu zake za siri zilionekana kama za mvulana, na ndugu walikuwa wameshampa jina la babu kabla ya hospitali kugundua ukweli.

Sasa wifi yake anayeishi ng'ambo amemweleza kwamba mama akimeza deksamethasoni mapema, mtoto wa kike hatazaliwa na maumbile hayo. Dawa hiyo ninaifahamu, kwa kuwa tunawachoma wajawazito wanaoelekea kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Lakini hapa ninahisi ninaombwa jambo la namna nyingine kabisa. Je, tuna haki ya kumuumba upya mtu ambaye hajaweza kutuomba?

Daktari wa watoto, Dodoma mjini:

Dada mkunga, umefanya vema kuuliza kabla ya kumjibu. Katika ugonjwa huu kila mzazi hubeba jeni yenye hitilafu pasipo kuumwa, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Dawa hutakiwa ianze kabla ya wiki ya 9, ilhali kipimo cha vinasaba kinachochukuliwa kwenye kondo la nyuma hufanyika kuanzia wiki ya 10 au 11. Tazama maana yake: anayeweza kunufaika ni msichana mgonjwa peke yake, yaani 1 kati ya 8, na wale 7 waliobaki wanapewa dawa kali bila faida yoyote. Kipimo cha damu ya mama kinachoonyesha jinsia mapema kinaweza kuwaepusha wavulana, lakini hata hapo wasichana 3 kati ya 4 wataimeza bila kuihitaji.

Sindano mnazochoma ninyi ni za siku chache tu, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa. Hizi ni wiki nyingi mfululizo, ubongo ukiwa unajengwa. Sweden waliacha kuitumia, na miongozo ya Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, ya mwaka 2010 na 2018 inaihesabu kuwa tiba ya majaribio, isitolewe nje ya utafiti. Tena haiponyi ugonjwa wenyewe. Mtoto atahitaji haidrokotisoni, yaani dawa ya kuziba pengo la kotisoli, maisha yake yote, na asipoipata anaweza kupoteza chumvi na maji mwilini akafariki ndani ya wiki chache. Ninayemhofia zaidi ni mvulana, kwa sababu hana alama ya nje. Huanza kutapika wiki ya 2, watu wakadhani ni maambukizi.

Mwalimu wa falsafa, Dodoma:

Maneno "kumuumba upya" yana maswali mawili ndani yake: ni yupi atakayezaliwa, na huyo aliyepo atakuwa wa namna gani. Chukua mwanamke wa Chamwino anayeshauriwa aahirishe mimba miezi 3 ili kwanza ameze vidonge vya asidi ya foliki, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Akitii, atakayezaliwa atatokana na yai jingine na mbegu nyingine. Yule ambaye pengine angekuwa na mgongo wazi hakuponywa. Hakutungwa kabisa, na mahali pake amekuja mwenziwe. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilichimba fumbo hili kwa kina: mwanamke asipotii, mtoto atalalamika vipi, wakati bila kosa hilo asingekuwepo? Na bado sote tunaona ushauri ule ni mwema.

Upasuaji wa mgongo wazi mtoto akiwa bado tumboni ni jambo tofauti. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, waliopasuliwa kabla ya wiki ya 26 na bado wakahitaji mpira wa kutoa maji kichwani walikuwa asilimia 40, na waliopasuliwa baada ya kuzaliwa asilimia 82. Mtoto huyo ni yuleyule, naye akikua anaweza kusema, "Nilitibiwa."

Deksamethasoni nayo humkuta mtoto yuleyule, kwa hiyo anaweza kutushukuru au kutudai. Kinachoua ni upungufu wa kotisoli, nao dawa hii haiuondoi. Kinachobadilishwa ni maumbile, na mwaka 2010 wataalamu wa maadili ya tiba nchini Marekani walipinga vikali walipoona maandishi ya kitabibu yakitaja pia uwezekano wa kupunguza michezo ya kiume na mvuto kwa wanawake wenzao. Naona hapo tunatibu aibu ya wakubwa kupitia mwili wa mtoto.

Mama wa watatu, Mpwapwa:

Mwalimu, ninakuheshimu, lakini maneno "aibu ya wakubwa" yamenichoma. Binti yangu mwenye ugonjwa huu ana miaka 16. Amepasuliwa mara 2, na kwa miaka mingi alikuwa akilia kila akienda haja ndogo. Hayo yalikuwa maumivu yake, na laiti dawa salama ingekuwepo ya kumwepusha na kisu, ningeimeza.

Lakini kwamba anapenda kuchunga mbuzi na kaka zake kuliko kukaa jikoni, hilo majirani ndio waliloliita ugonjwa, si mimi. Mwaka jana aliniuliza kama ningeimeza dawa hiyo nikiwa na mimba yake. Nilimjibu kama nilivyoandika hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ningekuwa bado mimi?" Sikuweza kumjibu.

Mkunga, Kongwa:

Ahsanteni. Nitamweleza ile 1 kati ya 8, na kwamba dawa haiponyi, wala sitamwandikia dawa hiyo. Nitamwandikia rufaa ili ajifungulie penye daktari wa watoto, na mtoto, awe wa kike au wa kiume, apimwe chumvi ya damu kabla ya wiki ya 2 kuisha. Mama wa Mpwapwa, ukiniruhusu, nitamsimulia pia swali la binti yako kama alivyoliuliza.