Tupeane uzoefu: lokapu ya toki konveta kwenye otomatiki za zamani, mlijuaje kama ni yenyewe?

Mwanzisha mada
Wakuu habari za muda huu. Nimefungua uzi huu maana naona watu wenye otomatiki za miaka ya 90 gari ikianza kutetemeka kidogo tu kwenye spidi ya kati wanaambiwa gia boksi imekufa, shusha, tafuta nyingine. Sikatai, nyingine zimekufa kweli. Ila kuna hii lokapu, ile klachi iliyo ndani ya toki konveta (lile bakuli lenye mafuta linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi), ukishatulia kwenye spidi kama 60 hadi 80 inashika na kuunganisha injini moja kwa moja na gia boksi ili nguvu isipotelee kwenye mafuta ya gia. Kwangu mimi mshale wa rpm, yani mizunguko ya injini, ndio umenishtua. Zamani nikifika 80 ulikuwa unashuka mara mbili, kwanza gia ya nne inaingia, halafu baadaye kidogo unashuka tena kama rpm 300 hivi, asiyejua anaweza kuapa gari ina gia tano. Sasa hivi huo mshuko wa pili haupo kabisa na petroli inaisha kama inavuja. Kabla sijamruhusu mtu ashike spana nataka kusikia kwa waliopitia, mlipimaje? Uzoefu lakini, siyo nadharia.

gia_nne
Mkuu kabla ya mashine yoyote anza na pedali ya breki. Mimi fundi wangu alinionyesha hivi: barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma, spidi 80, gari imeshapata moto, mguu wa kulia unabaki pale pale kwenye mafuta usiongeze usipunguze, halafu mguu wa kushoto unaugusa breki kidogo sana, yani taa za breki ziwake tu lakini pedi zisikamate. Swichi ya breki ndiyo inaiambia lokapu iachie, kwahiyo kama ilikuwa imeshika utaona mshale unaruka juu rpm 200 hadi 400, ukitoa mguu baada ya muda kidogo unarudi chini. Mshale usipocheza ujue lokapu haikuwa imeshika kabisa. Ni kipimo cha bure na kinajibu swali la kwanza, ipo au haipo. Ila haikwambii kwanini, hapo ndipo kazi inaanza.

Taa Nyekundu
Naongezea hapo hapo kwenye breki. Yangu lokapu iligoma moja kwa moja kumbe swichi ya taa za breki ilikuwa imeganda, taa za nyuma zinawaka hata kama hujakanyaga kitu, na kompyuta ya gari yenyewe inajua muda wote dereva anafunga breki. Muombe mtu asimame nyuma ya gari aangalie. Kazi ya dakika chache sana.

mpenda_safari
Na thamostati jamani msiisahau. Nilikuwa na gari mshale wa joto haufiki katikati, nikifika barabara kuu ndio unazidi kushuka. Kompyuta hairuhusu lokapu mpaka injini ipate moto, thamostati nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, sasa hiyo yangu ilikwama wazi kwahiyo kila nikikimbia upepo unaipoza injini na lokapu haiji. Kuna fundi alishaiondoa ile ya kwanza kabisa kwa mwenye gari aliyenitangulia "ili isichemshe". Haya mambo ya kutoa thamostati sijui yataisha lini.

Mzee wa Otomatiki
Hapo juu mnaongelea lokapu isiyoshika. Kuna ile inayoshika vibaya, na hii ndiyo inayopoteza watu wengi kuliko zote. Unatembea 60 au 70, mguu mwepesi kwenye mafuta, kamlima kadogo, mara gari inatetemeka sekunde mbili tatu kama unapita juu ya rasta, halafu kimya. Kila mtu atakwambia injini inamisi. Mimi nilibadilisha plagi, nikabadilisha waya, na koili nikaazima kwa mtu, mtetemo upo pale pale. Namna ya kutofautisha: ukiisikia imeanza gusa breki kwa ule mtindo wa gia_nne au zima ovadraivu (ile gia ya juu kabisa), ikikata palepale basi ni lokapu, maana misi ya injini haijali breki, na mara nyingi utaikuta hata kwenye gia ya pili ukikanyaga mafuta mengi. Kwangu ikawa ni mafuta ya gia. Aliyenitangulia aliweka yoyote aliyoyapata, wakati hizi gia boksi kila moja ina aina yake na ile klachi inategemea viungo vilivyomo kwenye mafuta ili ishike bila kukwaruza. Tukamwaga. Na hapa sikilizeni vizuri, ukifungua nati ya sampu hayatoki yote, lita 3 au 4 tu, mengine yanabaki kwenye konveta na rejeta, ndiyo maana nilirudia kumwaga na kujaza mpaka yakawa na rangi ya maana. Mtetemo ukapungua taratibu ukaisha. Ila msichukue kama dawa ya kila gari, ile klachi ikishalika mafuta mapya hayairudishii nyama.

silali_njiani
Mimi kinyume chenu wote. Yangu ilishika ikagoma kuachia! Nikifika kwenye taa, gari inatikisika halafu inazima, sawasawa na kusimamisha gari ya manyuo bila kukanyaga klachi. Ukiiwasha ikiwa N inawaka bila shida, ukiweka D inazima tena. Watu walishaanza kufungua kabureta. Tulichomoa soketi ya solenoidi ya lokapu (valvu ya umeme inayoiamuru ishike au iachie) pale ubavuni mwa gia boksi tukaenda kuzunguka, haikuzima tena. Solenoidi ilikuwa imekwama.

Mwanzisha mada
Aisee, haya madini. Swichi ya breki nimeshaangalia, nzima, na joto linafika katikati vizuri. Kipimo cha pedali mshale haukucheza hata kidogo. Sasa gari haina ile soketi mpya ya mashine za kisasa, kodi, yani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta, nazisomaje?

fundi_umeme
Kama ni Toyota ya miaka hiyo angalia kwanza taa ya O/D OFF (ile ya ovadraivu kwenye dashibodi). Ikiwa inapepesa yenyewe ukiwa umeacha ovadraivu ON basi kuna kodi imehifadhiwa. Kwenye kile kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti unganisha tundu zilizoandikwa TE1 na E1 kwa waya, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu mipepeso: sita halafu nne ni 64, saketi ya solenoidi ya lokapu. Kwa gari za soketi mpya tafuta P0740 na 0743 ambazo ni za umeme, 0741 ni lokapu haishiki, 0742 imekwama imeshika. Halafu pima solenoidi kwa multimita, zile za zamani za kuwaka na kuzima tu zinasoma ohmu 11 hadi 15. Isiposoma kitu chochote waya umekatika, na pima ikiwa bado ya moto maana nyingine zinakatika zikipata joto tu, zikipoa zinapona. Lakini solenoidi ikisoma vizuri na kodi hakuna, hiyo kodi 64 haijui chochote kuhusu klachi iliyolika, hapo shusha kidogo mafuta kwenye kitambaa cheupe uangalie. Yakiwa meusi, yananuka kuungua, na yana unga unga, konveta ishuke, na rejeta ya gia na mipira yake isafishwe kabla ya kufunga nyingine, la sivyo ule uchafu unakuja kuziba valvu bodi (sehemu yenye njia za mafuta na valvu za gia) ya kwako iliyo nzima.