Mgomba au mti wa mapambo kwenye baridi?

Pwani_Leicester
Wakuu, salaam. Nyuma ya nyumba, hapa Leicester, Uingereza, nina kipande kidogo, udongo wa mfinyanzi, na kuanzia Novemba maji yanatuama. Mke wangu anataka mgomba na kile kimnazi cha Kichina, Trachycarpus, ili pafanane na kwao Tanga. Mimi nataka mti mmoja wa mapambo, mepo (maple) ya Kijapani. Nafasi ni moja tu. Mnasemaje?

MamaZuhura, Birmingham
Mpe shemeji mgomba wake, ila uwe Musa basjoo, mgomba wa mapambo, si huu wetu wa kula. Jalidi ya kwanza tu majani yote yanakuwa meusi. Ukitaka usianze upya toka chini kila mwaka, zungushia shina wavu wa kuku, ujaze majani makavu, juu ufunike mvua isiingie. Ndizi sahau. Hata zikitoka, mbegu tupu.

BilaKoti, Minneapolis
Dada, huko kwenu mna ukungu, si baridi 😂 Huku Marekani hushuka nyuzi 25 chini ya sifuri, Trachycarpus inakuwa kuni. Mimi hupanda kana (maua yenye majani mapana) na magimbi, Oktoba nachimba na kuyalaza chini ya nyumba mpaka Mei. Na mbarika! Ule ule unaoota jalalani nyumbani, huku mbegu zinauzwa kwa pakiti, na kiangazi kimoja unampita mtu kimo. Mwenye watoto aukate maua mapema, maana mbegu zake zina sumu kali. Mti wangu wa kudumu ni Amelanchier: maua meupe, matunda ya kula (ukiwawahi ndege), majani mekundu msimu ukigeuka. Hauniombi kitu.

Jembe_Glasgow
Mkuu wa Leicester, adui yako si baridi, ni hayo maji. Trachycarpus huvumilia theluji kuliko kukaa kwenye tope miezi minne. Mepo ndiyo kabisa, mizizi yake iko juujuu, inaoza, na upepo wa masika hubabua majani machanga. Pandisha tuta kwanza, ndipo mgombane.
Halafu kuna mti uitwao Catalpa bignonioides. Ukiukata karibu na ardhi kila Machi unatoa majani makubwa kama sinia la pilau. Maua utakosa, lakini ni mti na una sura ya joto.

Pwani_Leicester
Nimemwonyesha mke wangu picha ya Catalpa. Kasema, "Huo si mgomba."

MamaZuhura, Birmingham
Basi umeshajibiwa 😄 Mgomba kwenye tuta, karibu na ukuta unaopata jua la kusini. Mepo inakaa vizuri tu kwenye chungu kikubwa chenye matundu, pembeni pasipo na upepo. Kiangazi usiisahau kwa maji, chungu hukauka haraka.

Pwani_Leicester
Hapo sawa. Tuta nalianza Jumamosi. Kimo gani kinatosha, Jembe?

Jembe_Glasgow
Sentimita 30 zisipungue, na uchanganye mboji nyingi.